Shauri la Nyumbani: Gari Kuukuu Likaguliwe Kama Askari Gwarideni

Mama mmoja, mke wa askari, ametuletea barua yenye wasiwasi. Mumewe amerudi kutoka kazi ya kulinda amani nchini Somalia, na fedha alizojinyima huko anataka kununulia gari. Dalali amekwisha kumwonyesha Toyota Premio nyeupe, inayong'aa kama sahani mpya, naye anahimiza arbuni ilipwe kabla ya Jumamosi, kwani asema wanunuzi wengine wamepanga foleni. Fedha hizo ndizo zilizokusudiwa pia kuezeka nyumba yao kijijini. Mama huyo auliza: je, mtu asiyejua injini aweza kusaidia lolote, au amwachie bwana na fundi?

Jibu letu ni kwamba aweza, tena sana. Makosa mengi ya gari kuukuu huonekana na mtu yeyote mwenye macho, pua, masikio na subira. Na hiyo subira ndiyo kitu cha kwanza ambacho dalali hujaribu kumnyang'anya mnunuzi.

Askari anajua ukaguzi ni nini. Afisa anapokagua gwaride hatosheki na viatu vilivyong'arishwa. Huifungua bunduki na kuchungulia ndani ya mtutu. Basi gari nalo likaguliwe vivyo hivyo.

Kwanza, nendeni asubuhi, kweupe, siku isiyo na mvua. Jioni huficha mikunjo ya bati, na maji hulifanya kila gari liwe na rangi nzuri. Mwambieni muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika. Mkifika, wekeni kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, ulizeni kwa nini, kwa maana injini iliyochoka huwa na taabu ya kuwaka ikiwa baridi, lakini ikikwisha pashwa moto hujifanya nzima.

Injini ingali baridi, fungueni kifuniko cha rejeta. Katu msikifungue ikiwa ya moto, kwani maji yake yataruka na kuwaunguza uso. Maji yawe safi. Yakiwa na kutu, au utando wa mafuta ukielea juu yake, hiyo ni dalili mbaya. Kisha fungueni kifuniko cha oili. Mkiona ute mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, yamkini maji yameingia katika oili, na matengenezo yake ni ghali.

Sasa injini iwashwe, nanyi simameni nyuma mtazame bomba la moshi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu, mradi upotee upesi. Moshi mweupe mzito usiokoma huonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweusi katika injini ya petroli ni mafuta yanayoingia kupita kiasi.

Kabla ya kuwasha, ufunguo ukizungushwa hadi alama ya ON, taa ndogo za onyo hazina budi kuwaka, kisha zizimike injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kuliko hata ile isiyozimika, kwa kuwa wako wauzaji wanaoiondoa ili mnunuzi asijue kwamba mfuko wa hewa au breki zina hitilafu.

Sasa tazameni bodi. Simameni pembeni, mwangalie ubavu wa gari kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, kama mtu anayenyoosha mstari wa gwaride. Nafasi kati ya mlango na mlango ziwe sawa. Chukueni sumaku ndogo, ile ya kubandika karatasi kwenye friji, mkaivingirishe katika kitambaa laini na kuipitisha juu ya bati. Mahali itakapokataa kushika pana puti nene chini ya rangi, na penye puti pamegongwa. Inueni zulia la sakafuni na mnuse. Matope makavu, kutu chini ya viti na harufu ya uvundo husimulia habari za gari lililozama katika mafuriko.

Kipimo cha kilometa huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo msikiamini peke yake. Linganisheni na mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai limekwenda kilometa 60,000, huku mpira wa pedali umelika hadi chuma, linasema uongo. Tairi nazo hubeba tarehe: tafuteni tarakimu nne za mwisho ubavuni. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019.

Juu ya umri wa gari, wengi hudanganyika na kibao cha nambari. Kibao cha Uganda huonyesha wakati gari lilipoandikishwa hapa, wala si lilipotengenezwa. Gari la mwaka 2006 laweza kuwa limeandikishwa mwaka 2016, dalali akalisifu kuwa jipya. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15, lakini yale yaliyokuwa yamekwisha ingia yangali yakiuzwa. Ulizeni mwaka wa kutengenezwa, kisha mwutafute pia kwenye kitambulisho kilichoshonwa kwenye mikanda ya viti, ambacho mara nyingi huwa na tarehe.

Halafu gari liendeshwe, redio ikiwa imezimwa. Kampala ni mji wa vilima. Pandeni kilima kimoja, mteremke, msimame. Breki zisivute upande. Gia za otomatiki ziingie mara moja bila kishindo. Kateni usukani hadi mwisho, mzunguke polepole. Mkisikia mlio wa ta-ta-ta kwenye magurudumu ya mbele, viungo vyake vimekwisha.

Likifaulu hayo, leteni fundi. Awe fundi wenu, si wa muuzaji, na mpatane naye ujira ule ule mkinunua au msiponunua. Fundi anayengoja sehemu yake katika bei hana macho.

Mwisho ni karatasi, na hapa tunawasihi askari wa jeshi na polisi wawe wakali kuliko raia. Someni nambari ya chasisi kwenye chuma chenyewe, tarakimu baada ya tarakimu, mkilinganisha na logbuku. Penye alama za tupa au za kuchomelea, ondokeni. Jina lililo kwenye logbuku liwe la mtu anayewauzia, na kitambulisho chake mkione. Ombeni ofisi ya serikali inayoandikisha magari iwahakikishie kwamba gari halikuwekwa rehani ya mkopo, na Polisi wawahakikishie kwamba halitafutwi kwa wizi. Ikiwa gari lingali bondi, ulizeni kama bei ni pamoja na ushuru, kwani wengi hufurahia bei ndogo kisha hukuta ushuru ukiwangoja mlangoni. Malipo yapite benki, mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, na jina libadilishwe bila kukawia. Polisi anayekutwa na gari la wizi hupoteza fedha zake, na pengine na kazi yake pia.

Sasa kwa mama aliyetuandikia. Siku ya kwanza ya kulitazama gari, fedha zibaki nyumbani, wala bwana asitie arbuni mfukoni. Kabla hamjatoka, patane naye ishara moja: ukimwambia, "Baba fulani, watoto wanatungoja," basi mwage muuzaji kwa adabu mrudi kwenu. Bei nayo isimalize akiba yote. Gari kuukuu hudai oili, vichungi na pengine tairi katika mwezi wa kwanza, na bima ni lazima kwa sheria. Ikiwa baada ya kutenga hayo hakuna kilichobaki cha mabati, basi gari hilo ni kubwa kuliko nyumba yenu, na mwambie bwana hivyo kwa upole kabla ya Jumamosi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Premio ile ikinunuliwa na mwingine, msisikitike. Meli hazijaacha kushusha magari Mombasa, lakini fedha za Somalia zikipotea hakuna meli itakayozirudisha.

Juma lijalo tutazungumza juu ya utunzaji wa tairi na betri.