Ahadi ni Deni: Wajibu wa Kampuni ya Bima ya Afya kwa Jamii

Mahema yanapowekwa uwanjani na mabango ya kampuni ya bima ya afya kutundikwa pembeni, watu hujitokeza kwa wingi. Hupimwa shinikizo la damu, sukari na uzito bila malipo. Jioni mahema hufungwa, picha hutolewa magazetini, na kampuni huandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba imetimiza wajibu wake kwa jamii.

Upimaji huo una faida, wala haustahili kubezwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo, kwa kuwa aghalabu halina dalili. Lakini kipimo cha siku moja hakithibitishi ugonjwa. Hutakiwa kupima katika siku mbili tofauti, na siku zote mbili namba ya juu iwe 140 au zaidi, au ya chini iwe 90 au zaidi. Anayethibitika kuwa nalo mara nyingi huhitaji dawa kwa maisha yake yote. Je, aliyeambiwa Jumamosi hemani kwamba shinikizo lake liko juu, Jumatatu aende wapi?

Swali hilo ndilo mizani ya hisani yote. Kampuni ya bima huuza ahadi: mwanachama hulipa akiwa mzima ili agharimiwe akiwa mgonjwa. Madai ya hospitali yakicheleweshwa, rafu za dawa huanza kubaki tupu. Dawa ikiondolewa katika kifurushi, mgonjwa asiye na fedha hupunguza vidonge, leo akameza, kesho akaacha. Shinikizo lisilodhibitiwa huweza kumfikisha kwenye kiharusi au kuharibika kwa figo. Hapo kitanda kilichotolewa na kampuni hiyohiyo kama msaada kitampokea, ila hakitafuta deni la ahadi iliyovunjwa.

Nchini India, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 huzitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa ajili ya jamii. Kanuni zake haziruhusu kuhesabu humo shughuli za kawaida za biashara, wala udhamini unaolenga kutangaza bidhaa. Mpaka huo unafaa kuzingatiwa hata pasipo na sheria ya namna hiyo: kilicho deni kisiitwe sadaka, na lililo tangazo lisiitwe huduma.

Kwa Tanzania, iliyotunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wananchi wengi zaidi wanatarajiwa kuweka afya yao mikononi mwa bima. Kampuni inayotaka kuitwa njema ianze kwa kutangaza kila mwaka imepokea madai mangapi, imelipa mangapi, na kwa muda wa siku ngapi. Kisha kila hema lake liwe na rejesta, makubaliano na kituo cha afya kilicho jirani, siku ya kipimo cha pili, na fungu la kugharimia dawa za kuanzia kwa wasio na bima.

Watumishi wa afya nao, wanapoalikwa kupima, waulize kwanza ni nani atakayewapokea wagonjwa kesho yake. Mgonjwa naye aondoke na vipimo vyake vimeandikwa, na anayekata bima aombe kwa maandishi orodha ya huduma zisizogharimiwa kabla ya kulipa. Hayo si utovu wa shukrani. Mwenye kuahidi huulizwa ahadi yake, na kampuni iliyoitimiza haitaona haya kujibu.