Simu ya Kampuni, Kidole cha Kijana

Taasisi moja ya mikopo jijini Dar es Salaam imetutumia wateja wake ujumbe kwamba kuanzia sasa maofisa wake watatupigia kwa namba za kawaida za mkononi, si kwa ile namba rasmi tuliyoizoea. Sababu iliyotolewa ni kutusogezea huduma. Hakuna huduma iliyosogea. Kilichotokea ni kwamba jina la kampuni limeondoka kwenye kioo cha simu yangu, na Benki Kuu haikupaswa kulivumilia hili hata siku moja.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Programu inawekwa kwenye simu ya ofisa, inachukua orodha ya wateja kutoka kompyuta ya ofisini, inapiga namba moja baada ya nyingine, inarekodi mazungumzo na kumrushia meneja. Wenye mtaji zaidi hununua kisanduku chenye matundu ya laini 8, 16 au 32. Ukiibloku laini moja, simu inayofuata inatokea kwenye nyingine. Wauzaji wa mitambo hii wala hawafichi wanachokiuza: namba ya mkononi hupokewa, namba ya ofisi hupuuzwa.

Hoja zao nazo zipo. Vifurushi vya dakika ni nafuu kuliko kuendesha kituo cha simu, na watu wengi hawapokei namba inayoanzia 022. Tena, mama anayeuza vitenge Kariakoo akimpigia mteja kwa simu yake mwenyewe hamkosei mtu, maana mteja anajua ni yeye. Sawa. Lakini taasisi yenye leseni, bodi na wanasheria si mama wa vitenge, na ni aibu kujificha nyuma ya khanga yake.

Linalonikera zaidi ni suala la nani anabeba lawama. Tangu Mei 2019 Watanzania tulianza kusajili laini kwa alama za vidole. Tulipanga foleni za NIDA juani, muda ukasogezwa, na baada ya 20 Januari 2020 wasiosajili wakaanza kuzimiwa. Tuliambiwa kila simu lazima iwe na mwenyewe anayejulikana. Basi laini ambayo ofisa wa mikopo ananipigia ni ya nani? Njia ya kujua ni rahisi. Nilifanya kama nataka kuitumia namba ile shilingi 1,000, na kabla ya kuthibitisha muamala likaja jina la msajiliwa. Lilikuwa jina la mtu, la kijana ambaye pengine hana hata mwaka kazini. Jina la taasisi halikuwapo.

Kijana huyo ametoa kidole chake ili kampuni ipate mahali pa kupigia. Mteja akichoka kusumbuliwa na kuiripoti namba hiyo kwa 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, laini itakayofungwa ni yake. Watu wakiiandika kwenye Truecaller kuwa ni ya tapeli au ya kausha damu, jina linalochafuka ni lake, na litabaki limechafuka hata atakapokuwa ameshaacha kazi anatafuta nyingine. Kama ni laini anayotumia kupokea mshahara na kumtumia mama yake hela ya matumizi, navyo viko hatarini. Kampuni ikipoteza laini hiyo inapoteza nini? Inamwambia asajili nyingine, au inaajiri kijana mwingine mwenye kidole kisafi.

Upande wa mteja nako hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inanipa haki ya kukataa taarifa zangu kutumika kunitangazia biashara. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Haki ninayo, lakini nimkatalie nani? Nikimkatalia kijana wa leo, kesho anapiga mwenzake kwa laini nyingine, orodha ikiwa ni ile ile. Nikipeleka malalamiko, ushahidi nilionao ni namba ya mtu binafsi, na mwanasheria wa kampuni atasema kwa utulivu kabisa kwamba mfanyakazi alitumia simu yake kwa mambo yake. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, mkopeshaji wa kwenye simu, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa vitisho vya simu na ujumbe vilivyotumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Faini kama ile haitozwi mpaka simu iliyopigwa iweze kuunganishwa na kampuni. Laini ya kijana imewekwa hapo, kwa makusudi au kwa uzembe, kuukata muunganisho huo.

Na hapo sijagusa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kampuni za simu zimetumia miaka kutufundisha kwamba mhudumu wao wa kweli hupiga kwa namba 100 tu, anayepiga kwa nyingine tumkatie. Watu wameanza kuelewa, hata wazee vijijini. Sasa anakuja mkopeshaji mwenye kibali kutufundisha kinyume: pokea namba ngeni, jibu maswali, taja tarehe yako ya kuzaliwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali na kuzizuia. Vizuri sana. Lakini aliyeidhinishwa akipiga kwa namba isiyo na jina, mkopaji wa Mbagala atamtofautishaje na wale 69?

India walishaliona hili. Huko simu za matangazo zimetengewa namba zinazoanzia 140, na benki na taasisi za fedha zinaelekezwa kuwapigia wateja wao kwa namba zinazoanzia 1600. Mteja anaiona namba na kujua anayepiga ni wa aina gani kabla hajapokea.

Hapa kwetu hata hatuhitaji mtambo mpya. Benki Kuu inaweza kulifanya kuwa sharti la leseni: kila mkopeshaji azitangaze namba anazopigia, zote ziwe zimesajiliwa kwa jina la taasisi, na simu ya kudai deni kutoka namba nyingine yoyote ihesabiwe kuwa kosa la mkopeshaji, si la aliyeishika simu. Laini kusajiliwa kwa jina la kampuni ni jambo linaloruhusiwa tayari. Taasisi iliyonitumia ujumbe ule ina cheti cha BRELA, ina TIN, ina kila karatasi inayotakiwa kufanya hivyo mchana mmoja. Haijafanya kwa sababu haitaki.