Kabla ya Kuchagua Bangkok, Uliza Pesa Inaenda kwa Nani

Mwezi uliopita nilikuwa steji ya Kitengela nikingoja matatu ya Kajiado, mpwa wangu akanipata na simu mkononi. "Shangazi, hebu ona. Bangkok. Mwalimu wa Kiingereza. Nyumba wanatoa, tiketi wanatoa. Mimi natoa tu elfu themanini za makaratasi."

"Zinapokewa na nani?"

"Ajenti. Amenipa nambari yake."

Kabla sijaanza kuandika hapa, nilikuwa wakala wa pesa papo hapo Kitengela kwa miaka sita, na maneno hayo "nambari yake" nimeyasikia mara nyingi kupita kiasi. Nikamwambia matatu iende, twende tunywe chai.

Mpwa wangu ana digrii ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, na amengoja TSC mpaka amechoka. Anafundisha shule ya kibinafsi huku kwa mshahara unaoishia kwa kodi na nauli. Kwa hivyo sina neno na mtu anayetaka kutoka. Neno langu ni kwamba vijana wetu wanachagua mji kwa picha. Wanaanza na taa za Bangkok au maghorofa ya Shanghai, kisha wanatafuta njia ya kufika. Mimi naona ianzie kwingine: ni nchi gani ambayo sheria yake inamkubali mwalimu mwenye pasipoti ya Kenya? Mji utafuata.

Chukua Korea Kusini. Visa ya kawaida ya kufundisha lugha kule, E-2, kwa upande wa Kiingereza ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Kenya haimo. Anayekuambia atakutafutia kazi ya aina hiyo Seoul, muulize kwa visa gani, kisha usikilize atakavyoanza kuzunguka.

China nayo ina kawaida ya kutaka walimu wa Kiingereza kutoka nchi ambazo lugha hiyo ni ya mama. Wakenya wako kule wanafundisha, ndiyo, lakini wengine waliingia kwa visa ya masomo au ya biashara, na mtu wa hivyo akikamatwa ni faini na kurudishwa nyumbani. Tena mwaka 2021 serikali yao iliyabana masomo ya ziada ya kibinafsi, na vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vikafungwa.

Thailand mlango upo. Ukiwa na digrii na matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC, shule inaweza kukuombea visa ya Non-B na kibali cha kazi. Mshahara wa Mkenya mara nyingi huwa chini ya ule wa Muingereza anayefundisha darasa la pili ukutani. Inauma, lakini ujue mapema. Na si lazima iwe Bangkok. Khon Kaen au mji mwingine wa mkoani kodi ni nafuu, na kodi ndiyo itakayoamua unatuma nini nyumbani. Vietnam wanataka digrii pamoja na cheti cha kufundisha, na vyeti vyenyewe vipigwe mihuri kabla hujaondoka.

Muscat nitaitaja kwa sababu moja ya moyoni: utasikia Kiswahili madukani, maana familia nyingi za Waomani zilirudi kutoka Zanzibar na pwani yetu. Mtu wa kwanza kukusalimu "hujambo" ukiwa mgeni, hiyo si kitu kidogo.

Kuna mji mwingine ambao vijana wanaucheka: Kigali. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza shuleni, na tangu hapo imekuwa ikihitaji walimu wanaokimudu. Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa, Kenya na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali cha kazi, na mambo yakiharibika unapanda basi kupitia Kampala unarudi kwenu. Mshahara ni mdogo kuliko wa Asia, sikatai. Lakini hesabu kile ambacho hukutoa kabla ya kuanza: tiketi ya ndege, ajenti, deni. Kwa mwalimu asiye na akiba, mimi ningeanzia hapo.

Sasa turudi kwa zile elfu themanini.

Nilimwomba mpwa wangu anionyeshe orodha ya ajenti. Visa elfu thelathini. "Usajili" elfu kumi na tano. Cheti cha tabia njema, 6,500. Hapo nikaweka kikombe chini. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050, unaomba mwenyewe kupitia eCitizen na unalipa kwa paybill ya serikali, 222222. Mtu akikudanganya kwa kitu unachoweza kukihakikisha kwa dakika mbili, fikiria yale usiyoweza kuyahakikisha.

Pesa zenyewe zilikuwa zitoke wapi? Kaka yangu alikuwa anapanga kuuza ng'ombe wawili soko la Ilbisil, na kilichobaki mama mtu akope kwa chama. Hiyo ndiyo maana nasema jambo hili ni la wateja wetu wote, hata asiyejua Thailand iko upande gani. Ajenti wa uongo hali pesa za msafiri tu. Anakula za chama kizima.

Na kupoteza pesa si ndiyo mwisho wa ubaya. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilionya Wakenya kuhusu kazi hewa za Thailand. Watu walitua Bangkok wakijua wanaenda kazini, wakavushwa mpaka Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa kwenye kambi hizo, Wakenya wakiwemo.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma chochote: jina la kampuni ya ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iko mtandaoni. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla pesa haijaenda. Kampuni yenye ofisi na leseni inashindwaje kuwa na paybill au till yenye jina lake? Usikubali "tuma kwa huyu dada, ni katibu wetu." Ukishatuma na ukashtuka, omba pesa irudishwe papo hapo, kwa sababu yule akishaitoa kwa wakala, sisi hatuna mkono wa kuingia mfukoni mwake. Na zile meseji za kuthibitisha malipo usizifute hata simu ikijaa. Polisi watazihitaji.

Ukifaulu ukaenda, laini yako ya Kenya iandae kabla ya JKIA. Washa roaming, na uwe unaitumia mara kwa mara. Laini iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa na nambari apewe mtu mwingine. Usimwachie mama PIN yako eti awe anatoa. Msajilie laini yake kwa kitambulisho chake, umtumie.

Na kutuma kuna gharama mbili. Ya kwanza unaiona, ni ada. Ya pili imejificha kwenye bei ya dola. Tuseme dola sokoni ni shilingi 129 na huduma fulani inakupa 125. Kwa dola 500 umeacha shilingi 2,000 njiani, hata kama wameandika "ada ni bure". Uliza kitu kimoja tu: nikitoa hizi, mama atapokea shilingi ngapi kamili? Linganisha huduma mbili tatu kwa jibu hilo. Na kabla hujasaini mkataba, jua ni njia zipi za kutuma Kenya zinafanya kazi kutoka mji huo. Uchina, kwa mfano, benki itataka uonyeshe kwamba mshahara umelipiwa kodi kabla ya kukubadilishia.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimwomba ajenti jina la shule ya Bangkok ili aiandikie mwenyewe, na tangu hapo simu haishikwi. Sasa anajiandaa kwa IELTS, na ameandikia shule mbili za Kigali na moja ya Khon Kaen. Kaka yangu hajauza ng'ombe. Amesema mmoja atauzwa siku ya kulipia mtihani, na atabonyeza yeye mwenyewe, akishavaa miwani na kusoma jina.