Kusoma historia na lugha si kupoteza wakati

Ku kartie banatuulizaka: "Ulisoma historia, filozofia, lugha: itakupa kula?" Kweli, diploma tuko nazo, kazi hatuna. Lakini masomo haya si ya bure.

Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inasema wenye kuandamana wajulishe viongozi wa utawala kwa maandishi. Haisemi waombe ruhusa. Kujulisha na kuomba ni maneno mawili tofauti, na asiyejua tofauti yake anarudishwa nyumbani na haki yake. Kusoma neno vizuri, njo kazi tuliyofundishwa.

Kifungu cha 142 kinaamuru serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60. Sasa mama anayeuza unga wa muhogo sokoni, ameona wapi sheria ya kodi kwa Kiswahili?

Kwa hiyo tunadai: serikali itimize kifungu cha 142, na iajiri vijana waliosomea lugha ili wazitafsiri hizo sheria.

Na wewe mudogo unayeingia chuo: kama unapenda historia, soma bila kuona haya. Wanainchi wasiposoma sheria zao, wakubwa watawasomea vile wanataka.