Wacheni Kuidharau Chumvi ya Kioski

Siku hizi Nairobi kuna watu wanaoogopa chochote kilichopita kiwandani. Wakiona neno "asili" kwenye pakiti, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Sina shida nao wakinunua asali ya bei au unga wa kusagwa kwa jiwe; hela ni zao. Lakini wakifika kwa chumvi, hapo tutakosana.

Nasema ile chumvi ya waridi iitwayo ya Himalaya. Nyingi huchimbwa Khewra, mkoa wa Punjab nchini Pakistan. Rangi yake hutokana na chembe za madini ya chuma, jamaa wa kutu. Karibu yote iliyobaki ni sodiamu kloridi, ile ile iliyo kwenye pakiti ya kioski. Unalipa bei mara kadhaa, halafu nyingi huuzwa bila kutiwa iodini. Cha kushangaza ni kwamba muuzaji hukuambia hilo kama sifa: "Haina kemikali."

Hebu basi tuiongelee hiyo kemikali. Mbele ya shingo yako kuna tezi yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Homoni zake ndizo huamua mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, usikie baridi ama joto. Homoni yake kuu ni thairoksini, na kila molekuli yake hubeba atomu 4 za iodini. Iodini ikikosa, haitengenezwi. Homoni ikipungua, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, hutuma amri: ongeza kazi. Thairoidi inajikaza bila malighafi, na mwishowe inavimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Rovu angalau huonekana. Kuna madhara mengine hayaonekani mpaka yashapita wakati. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana thairoidi inayofanya kazi. Ubongo wake hujengwa kwa homoni za mamake. Mama akikosa iodini sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au akadumaa mwili na akili, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Kiwango kinachohitajika ni mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Piga hesabu mwenyewe: ukiishi miaka 70, iodini yote utakayohitaji haifiki gramu 4.

Mbona basi tusiipate kwa chakula tu? Kwa sababu mvua za miaka na mikaka zimeisomba kutoka udongo wa nyanda za juu hadi baharini. Sukuma haiwezi kukupa kitu ambacho shamba halina. Hata chumvi ya bahari haikuokoi, maana maji yakikauka hubaki na iodini kidogo mno. Ndiyo maana chumvi inayovunwa kwetu Pwani, kule Gongoni na Marereni, lazima itiwe iodini kiwandani. Uswisi, nchi ya milima isiyo na bahari, ilianza kufanya hivyo mwaka wa 1922 kwa sababu shingo za watu wake zilikuwa zimevimba. Kenya iliiweka kwenye sheria mwaka wa 1978.

Ukiwaambia haya watakujibu, "Si shosho zetu waliishi bila hizo kemikali?" Waliishi, ndiyo. Shosho yangu alifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka, na kwenye kila picha ameinamisha kidevu. Hakuwa na aibu ya asili. Alikuwa na rovu. Anayetamani maisha ya zamani aulize kwanza waliyaishi vipi.

Simaanishi kwamba iodini hutibu kila ugonjwa wa thairoidi. Kuna watu ambao kinga yao wenyewe huishambulia tezi, na iodini ikizidi huwaletea matatizo. Hao wamsikilize daktari wao. Wala sisemi ujimwagie chumvi. Gramu 5 kwa siku zinatosha, presha haichagui rangi.

Lakini mimi naishi kwa kuandika matangazo ya watu, na najua maneno haya hupikwa vipi. Niliwahi kuletewa kazi ya kusifia chumvi kama hiyo. Sikuichukua, na si eti nilikuwa na doh. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kutisha mtu, lakini kusoma nyuma ya pakiti hakuhitaji digrii. Kinachoniuma ni kwamba dharau hii inaanzia kwa wenye nacho. Wao wana samaki, mayai na maziwa mezani, pengine hawataumia. Atakayeumia ni yule msichana mjamzito anayekula ugali na mboga, anayejinyima ili anunue pakiti ya waridi kwa sababu ameambiwa ndiyo salama kwa mtoto.

Kwa hivyo geuza pakiti. Kama haijaandikwa iodini, irudishe kwenye rafu. Nunua ya kioski, ifunike vizuri mbali na jua na unyevu ili iodini isipotee. Na ukisikia mtu anamshauri mjamzito aache chumvi hiyo kwa sababu ina kemikali, usinyamaze kwa adabu. Mkatize.