Kabati la Wiski Si Makumbusho

Sisi watu wa vitabu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Mtu ana rafu nzima ya vitabu vya majalada magumu, vimepangwa kwa rangi, na ukichomoa kimoja unakuta kurasa bado zimeshikana. Vilinunuliwa vionekane. Siku hizi ugonjwa umehamia kwenye kabati la vinywaji. Ukikaribishwa kwa mtu aliyefanikiwa kidogo, awe Dar, Arusha au Nairobi, utaoneshwa chupa za Scotch zilizopangwa chini ya taa, na masanduku yake pembeni, plastiki ya vifuniko haijachanwa. Unaoneshwa. Kisha unaletewa bia.

Sina ugomvi na bia. Ugomvi wangu ni na kabati. Chupa ya wageni isiyofunguliwa kwa ajili ya wageni ni tangazo la mwenye nyumba, na tangazo halikati kiu ya mtu. Watu wengi wanaouliza "ninunue Scotch gani kwa ajili ya wageni?" kwa kweli wanauliza "ninunue ipi nionekane najua?" Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo linalofilisi watu.

Tuanze na namba. Tumezoea kusoma 12, 15, 18 na 21 kama madaraja ya mtihani: namba ikipanda, heshima ya mgeni nayo imepanda. Kumbe namba hiyo inasema jambo moja tu, kwamba wiski changa kuliko zote iliyomo ndani ya chupa ilikaa miaka hiyo kwenye pipa. Kanuni za Scotch za mwaka 2009 zinataka wiski ikomae Uskoti kwenyewe, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3, na iingie chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hakuna mahali zinaposema kwamba ya 18 ni tamu kuliko ya 12.

Bei inapanda kwa sababu ambazo hata mfanyabiashara wa mahindi anazielewa: mzigo umelala ghalani, hela imelala nao, na kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hivi kinapotea hewani kupitia mbao za pipa. Waskoti wanakiita fungu la malaika. Malaika wanakunywa, bili analetewa mnunuzi. Ni kweli pipa linalainisha kinywaji na kukipa ladha ya vanila au ya zabibu kavu, lakini wiski ikikaa mno inaweza kuanza kuonja ubao mtupu. Na ile rangi nzito ya asali inayokubabaisha dukani? Kanuni zinaruhusu kutia karameli kurekebisha rangi, kwa hiyo macho si shahidi wa kuaminika hapa.

Halafu kuna hili la kuitunza ikomae. Wiski ikishaingia chupani haikui tena. Ile ya miaka 12 uliyoificha tangu siku ya harusi yako bado ni ya miaka 12. Aliyezeeka ni wewe.

Kundi la pili ni la wanaokunja pua wakiona wiski ya mchanganyiko. Kwao, kama chupa haikuandikwa "single malt", yaani wiski ya kimea cha shayiri iliyotoka kiwanda kimoja, basi mwenyeji hajui kitu. Mchanganyiko, kwa kawaida, ni wiski za kimea kutoka viwanda mbalimbali zikiunganishwa na wiski nyepesi ya nafaka inayotoka kwenye mitambo mirefu inayokeneka mfululizo, ya aina aliyoisajili Aeneas Coffey mwaka 1830.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1906 hakimu mmoja wa Islington, London, aliamua kwamba pombe ya mitambo ile haistahili hata kuitwa wiski. Ikaundwa tume ya kifalme, nayo mwaka 1909 ikasema inastahili. Neil Gunn, mwandishi wa riwaya aliyewahi kufanya kazi ya afisa wa ushuru kwenye viwanda vya wiski, aliandika kitabu mwaka 1935, Whisky and Scotland, akiitetea wiski ya kimea. Wanaokunja pua wangefurahi kumtaja. Ila Gunn alikuwa anatetea mnyonge. Wakati ule michanganyiko ilikuwa imelifunika soko, na ukiwa nje ya Uskoti usingekutana na wiski ya kiwanda kimoja kirahisi. Ni kuanzia mwaka 1963, Glenfiddich ilipoanza kuiuza kwa nguvu ugenini, ndipo mambo yakaanza kugeuka. Leo hiyo hiyo imekuwa fimbo ya mwenye nacho. Kuyabeba maneno ya Gunn ya mwaka 1935 na kumchapa nayo mgeni wa leo ni kusoma kitabu bila kuangalia tarehe yake.

Isitoshe, Scotch nyingi inayouzwa duniani mpaka leo ni ya mchanganyiko, na viwanda vingi vidogo vimeishi kwa kuviuzia mapipa viwanda vya kuchanganya. Caol Ila ya kisiwa cha Islay, ambayo wajuzi wanaisifia, ni mojawapo ya wiski zinazoingia kwenye Johnnie Walker. Unaisifu mama, unamtukana mtoto.

Lakini baya kuliko yote ni sheria za kunywa. Kwenye nyumba moja, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alimiminiwa wiski akaomba achanganyiwe na soda. Mwenyeji, kijana wa rika langu, akaangua kicheko: "Mzee wangu, hii haichanganywi, hii ni kumi na nane!" Wengine wakacheka. Mzee akatabasamu, akaisogeza glasi pembeni. "Haya mwanangu, basi nipe maji tu." Hakuigusa tena. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka na miaka amefanywa mshamba kwenye kochi, kwa sababu ya kinywaji ambacho si yeye wala mwenyeji aliyekitengeneza.

Na mwenyeji hata hakuwa na hoja. Wachanganyaji wa viwandani wenyewe huipunguza wiski kwa maji kabla ya kuinusa, kwa sababu kilevi kikali kinaziba harufu. Kama fundi anatia maji, wewe mwenye sebule unamkataza mgeni kwa mamlaka ya nani? Barafu inafifisha harufu, ndiyo. Soda inafunika ladha, ndiyo. Ukitaka, mwambie mgeni hayo taratibu, mara moja, halafu mletee anachotaka.

Wapenzi wa riwaya wanaikumbuka Whisky Galore ya Compton Mackenzie ya mwaka 1947, iliyotokana na kisa cha kweli cha meli SS Politician iliyokwama karibu na kisiwa cha Eriskay mwaka 1941, imebeba maelfu ya makasha ya wiski. Katika riwaya hiyo wiski imeadimika kwa sababu ya vita, na bila wiski hata sherehe ya uchumba haifanyiki. Meli inapokwama, kisiwa kinafufuka. Kinachowaliza watu wale ni kukosa kitu cha kumiminiana. Wenye kinywaji chao walijua kazi yake.

Sasa, kununua. Kwangu chupa tatu zinatosha. Ya kwanza ni mchanganyiko mzuri, kama Johnnie Walker Black Label, kwa ajili ya soda, barafu na stori ndefu. Ya pili ni ya kimea, laini, ya bonde la Speyside, kama Glenlivet au Glenfiddich ya miaka 12, kwa anayetaka kujaribu bila kutishwa. Ya tatu ni ya moshi, kutoka Islay (kinatamkwa Aila), kama Laphroaig ya miaka 10. Huko shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa majani yaliyooza, unaokatwa kwenye ardhi chepechepe na kuchomwa kama kuni. Mgeni mmoja atasema inanuka hospitali, mwingine ataomba tena. Mazungumzo yameanza hapo, na ndicho ulichokuwa unanunua.

Chupa ya mililita 700 inatoa glasi 14 za mililita 50, yaani wageni saba, glasi mbili kila mmoja. Hela ambayo ungeitupa kwenye chupa moja ya namba kubwa aghalabu inazibeba hizi tatu na chenji ya nyama choma. Zisimamishe wima, kwa sababu kilevi kinakula kizibo cha gamba, na ziweke mbali na jua. Chupa ikishabaki robo usiihurumie, hewa iliyoingia inaipunguza ladha taratibu. Imalize na watu.

Kwenye kabati hilo hilo weka maji baridi, tangawizi na juisi ya maana, kwa sababu nusu ya wageni wetu hawanywi pombe, wengine kwa dini, wengine kwa afya, wengine kwa sababu hawataki tu na hawadaiwi maelezo. Kama uliwaza wiki nzima juu ya wiski, halafu asiyekunywa ukampa soda ya moto iliyobaki tangu Krismasi, basi hukuwa unawaza wageni. Ulikuwa unawaza kabati.