Ordinatere iko mkononi mwetu

Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani, ile ya bei ndogo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Leo telefone yenye gigabaiti 4 inaipita zaidi ya mara 250,000, nayo inafungwa katika pindo la kikwembe. Tusiseme tena kwamba ordinatere ni kitu cha wanaume wa ofisi. Telefone hiyo ni ordinatere kamili.

Na udogo wake unatuhusu. Ndani mna vipande vya kutunza umeme vilivyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani, kama ile ya Rubaya. Wamama wenzetu wanaibeba na kuiosha.

Lakini nyumbani telefone ikiwa moja, kijana ndiye anapewa. Binti anaambiwa amalize vyombo kwanza. Kumbe ENIAC, mashine ya Marekani iliyojaza chumba kizima mwaka 1946, ilipangiwa kazi na wanawake sita!

Juma hili hesabu za likelemba ziandikwe na mabinti kwenye telefone. Daftari tusilitupe, moto wa telefone unaisha.